Anti Serwaa, Mchi wa Fufu na Injini ya Nana

Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba 2025, Bi. Akua Serwaa Nyantakyi, fundi mkuu wa karakana ya Hospitali ya Nkwantapong, anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Wengi wetu tulimkuta hapa, na hakuna gari la hospitali ambalo halijapita mikononi mwake.

Alianza mwaka 1991 akiwa fundi msaidizi, mwanamke pekee katika karakana ya wanaume saba. Wiki ya kwanza alikuja na mchi wa mama yake wa kutwangia fufu, ugali wetu wa muhogo. Walicheka mpaka wakakaa chini. “Dada, leo unatutwangia muhogo au injini?” Yeye akaweka ncha moja ya mchi kwenye injini iliyokuwa ikiunguruma, nyingine akaibana sikioni. “Beringi ya pampu ya maji,” akasema. “Fungueni.” Walifungua, na ndiyo iliyokuwa imekufa. Tangu hapo hakuna aliyeuliza habari za mchi ule, isipokuwa mama yake, ambaye hajaacha kuudai.

Mwaka 2008 akawa fundi mkuu. Amefundisha mafundi kumi na wawili, na watatu kati yao sasa wana karakana zao Kumasi. Mdomo wake nao hatutausahau. Ukimletea gari na kusema lina kelele, jibu lake ni moja: “Hata wewe una kelele. Sema zinatoka wapi.”

Mimi ninayeandika ni dereva, na nina sababu ya kumshangilia kuliko wote. Nana, yaani Babu, ni pikapu yetu iliyokula chumvi nyingi, na kwa kuwa ni mzee, tulimpa heshima ya mzee. Kila Jumatatu kabla ya safari tulimmiminia oili kidogo kwenye injini: “Nana, kunywa kwanza.” Alikuwa akivuja, kwa hiyo alikunywa kweli.

Machi 2022 Nana alianza kugonga, na taa ya oili ikawaka. Akaja mtaalamu kutoka mjini na kompyuta yake. Alisimama kando ya injini kwa dakika tano, akatoa hukumu: beringi za chini zimekwisha kwa kuendeshwa bila oili, pikapu iuzwe chuma chakavu, na dereva aliyeiua aachishwe kazi. Dereva huyo ni mimi. Unga wangu ulikuwa unamwagika huku nauona, na chanjo za vijiji vya ng'ambo ya mto zingekosa usafiri, maana hakuna gari letu jingine linalopanda mlima wa huko.

Anti Serwaa aliomba apewe asubuhi moja tu. Akachukua mchi. Akasikiliza chini ya injini, akasikiliza juu, akarudi tena chini. “Beringi za chini zikifa, kelele hutoka chini. Huku chini kimya. Kelele hizi ziko juu.” Kisha akachomoa kijiti cha kupimia oili. Alama zake zilikuwa zimefutika kwa miaka ya kupangusa, na kililowa hadi mpinini, kimejaa povu kama la pombe ya mchikichi iliyogemwa asubuhi.

“Antwi, umetia oili lini?” akaniuliza.

“Jumatatu, Anti.”

“Na wewe, Opoku?” akamgeukia dereva mwenzangu.

“Jumatatu hiyohiyo, Anti. Si Nana anywe kwanza?”

Akauweka mchi chini. Januari alikuwa amebadilisha sili iliyovuja, ule mpira unaozuia oili isitoke, na hakumwambia mtu. Madereva wawili tukaendelea kummiminia mzee asiyevuja tena, kila mmoja kwa mkono wake, mpaka oili ikazidi na injini ikaichapa ikawa povu. Povu halina nguvu ya kulainisha chuma, na vyuma vya juu ndivyo vilivyokuwa vikigonga.

Angeweza kutuangushia lawama sisi, na nani angebisha? Alikwenda moja kwa moja kwa meneja wetu, Bwana Adomako, akasema mbele ya mtaalamu: “Hawa walikuwa na heshima tu. Mwenye kosa ni mimi. Niliziba tundu, nikafunga na mdomo.”

Alimwaga oili yote, akatia mpya kwa kipimo, akachonga alama mpya kwenye kijiti kwa tupa. Tukawasha. Nana alikohoa, akagongagonga kidogo, kisha akatulia. Taa ikazimika.

“Bahati,” mtaalamu akasema.

“Bahati ina masikio, bwana,” akajibu Anti Serwaa.

Barua yangu ya kuachishwa kazi, iliyokuwa tayari imeandikwa, Bwana Adomako aliichana palepale. Tulimpandisha Anti nyuma ya pikapu tukamzungusha hospitali nzima, honi haikupumzika, na wagonjwa wakatoka kwenye veranda kupiga makofi. Nililia, wala sioni haya kusema. Nana anavuka mto hadi leo.

Anti, asante kwa masikio yako, na zaidi kwa siku ile uliyojitaja mwenyewe. Nenda ukapumzike, ukale fufu ya moto, usisikie tena kelele ila za wajukuu. Mrudishie mama mchi wake. Baada ya sherehe Nana mwenyewe atakupeleka nyumbani, na usukani ninao mimi. Oili nimeipima asubuhi. Imefika kwenye alama yako, na sikuongeza hata tone.