Skidi Arobaini

Karani mpya wa ghala alikaa nyuma ya wanaume wawili waliojuana humo humo basini, mmoja dereva wa foklifti ya kunyanyulia mizigo ghalani hapo, mwenzake seremala mtu mzima. Salamu hazijapoa, ugomvi ukaanza.

“Kumbe ni wewe uliyetuletea yale makorokoro,” dereva alisema. “Mzee wangu, sisi tunatumia paleti ya kupangia mizigo, yenye mbao juu na chini. Zako zina mbao juu tu, chini miguu mitupu.”

“Hiyo ndiyo skidi, mwanangu. Ukiiburuta sakafuni inateleza yenyewe.”

“Nani anaburuta? Mimi napanga moja juu ya nyingine. Jana nimeiweka juu ya mifuko ya sukari, miguu ikatoboa yote. Sisimizi wa mtaa mzima wamehamia kwetu.”

Seremala hakubishana na sisimizi. Alitoa karatasi mfukoni, akaikunjua taratibu. “Soma. Skidi arobaini. Fundi hufuata alichoandikiwa.”

“Mwandiko mzuri,” dereva akakiri. “Leo lazima nimjue mwenye nao.”

Karani aliutambua tangu herufi ya kwanza. Alipoiandika karatasi ile alidhani skidi na paleti ni kitu kimoja, akachagua neno fupi kwa sababu saa ya kutoka ilikuwa imefika.

Basi likasimama mbele ya ghala. Wale wawili wakashuka wakiendelea kuvutana.

“Dada, si hushukia hapa kila siku?” kondakta akauliza.

“Leo cha mbele,” karani akajibu, akiinama kufunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndala.