Mama Kikapu, Aliyelinganisha Mishahara ya Watu

Ndugu, majirani na marafiki mliofika kumsindikiza mpendwa wetu, familia inaomba mtupe masikio yenu kwa muda kidogo, na inaomba pia radhi mapema ikiwa tarehe zitakuwa nyingi, kwa sababu marehemu mwenyewe ndiye aliyezihakiki mwezi Februari mwaka huu akiwa kitandani, akatuambia kwamba tukikosea hata moja atainuka kuisahihisha, na sisi tunaomfahamu hatukuwa na hakika kama alikuwa anatania.

Marehemu, ambaye wengi wenu mnamjua kwa jina la Mama Kikapu, alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 11 Agosti 1949, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano, baba yake akiwa mpakiaji wa marobota katika kiwanda cha nguo, na mama yake akiwa msokota nyuzi katika kiwanda hichohicho, kwa hiyo alilelewa katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya ukuta wa kiwanda, chumba kimoja na sebule, ambako king'ora cha zamu ndicho kilichowaamsha watoto wa mtaa mzima, wanafunzi na wasio wanafunzi.

Alianza shule ya msingi mwezi Januari 1957, akaendelea na sekondari ya wasichana kuanzia 1965 hadi 1968, ambako alipata alama ya juu kabisa katika hisabati na ya chini kabisa katika ushonaji, jambo lililomsikitisha mama yake kuliko lilivyomsikitisha yeye, kisha akasomea ukarani wa takwimu kwa miaka miwili katika chuo cha serikali, akahitimu Novemba 1970.

Tarehe 1 Februari 1971 aliajiriwa katika idara ya takwimu, sehemu ya kazi na mishahara, chumba namba saba, chenye madirisha mawili yasiyofunguka na mashine ya kujumlishia yenye mkono wa chuma, na kazi yake ilikuwa kupeleka madodoso viwandani, hospitalini, kwenye mabenki, mashuleni na kwenye gereji, kuuliza kila kazi inalipwa kiasi gani, mwanamume kiasi gani na mwanamke kiasi gani, kisha kurudi ofisini kuyapanga. Katika mwaka wake wa kwanza idara ilitoa taarifa kwamba mishahara imepanda kwa asilimia kumi, naye akaipeleka nyumbani kwa furaha kumsomea mama yake, ambaye alikuwa amekaa chini anachambua mchele. Mama yake alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, mimi sijui asilimia. Ninachojua ni kwamba mwaka jana mafuta ya kupikia yalifika mwisho wa mwezi, na mwaka huu hayafiki."

Kuanzia hapo marehemu alinunua kikapu, na kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi alipita sokoni na madukani kuandika bei za vitu vilevile, unga, sukari, mafuta, sabuni, mafuta ya taa, nauli ya basi na kodi ya chumba, ili kila mshahara aliouandika aupime kwa vitu hivyo, ajue kama mtu ameongezewa kweli au ameongezewa karatasi tu. Mtu akimwambia amepandishwa mshahara, alikuwa anamjibu, "Hongera, lakini niambie kwanza mwaka jana ulikuwa unanunua nini." Wauza duka walimdhania mpelelezi, baadaye wakamzoea, na jina la Mama Kikapu walimpa wao kabla hata hajawa mama wa mtu.

Ni dodoso hilohilo lililomletea ndoa. Mwezi Machi 1974 aliingia katika kibanda cha fundi redio mmoja kumuuliza kipato chake cha mwezi, na yule fundi, bila kuinua macho kwenye redio aliyokuwa ameifumua, akamjibu, "Hiyo nitamwambia mke wangu peke yake." Marehemu akaandika kwamba amekataa kujibu, akaondoka, lakini wiki iliyofuata akarudi na fomu ileile kwa sababu mkuu wake hakutaka fomu zenye nafasi tupu, na wiki nyingine akarudi tena, mpaka fundi akamwambia, "Dada, wewe unataka kujua kipato changu au unataka kuniona?" Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 14 Desemba 1974, na fomu ilijazwa siku ya Jumapili. Mumewe yuko hapa nasi, amekaa mbele, na ametuomba tuseme kwamba mpaka leo anaamini alichojaza hakikuzidi hata senti. Mungu aliwajalia watoto watatu, wa kike aliyezaliwa tarehe 3 Aprili 1976, ambaye sasa ni muuguzi, na mapacha wa kiume waliozaliwa tarehe 22 Oktoba 1979, mmoja mchomeleaji na mwingine mwalimu, na wajukuu sita.

Ndugu waombolezaji, marehemu alitaka kosa lake lisomwe pamoja na mema yake, nasi tunatii. Mwaka 1978 alilinganisha hospitali kubwa ya mjini na sehemu nyingine za kazi, akakuta kwamba mshahara wa wastani wa wanawake pale hospitalini, hata baada ya kuondoa kupanda kwa bei, ulikuwa umekua kuliko wa mahali pengine popote, akafurahi mno, akaandika taarifa, na taarifa ikasomwa redioni. Siku tatu baadaye alikuja ofisini mama mmoja mfagizi, kitambaa kichwani na kadi ya kazi mkononi, akasimama mlangoni pa chumba namba saba, akauliza, "Wewe ndiye uliyesema sisi wa hospitali tumepanda?" Marehemu akakubali, akamkaribisha kiti. Yule mama akasema, "Bibi, hakuna aliyepanda. Wafagizi arobaini na wanne tumeachishwa kazi mwezi wa sita. Mmebaki kuhesabu wauguzi na madaktari."

Marehemu alituambia kwamba aliona mara moja ilivyokuwa, kwamba wa chini walipotolewa kwenye hesabu wastani ulipanda wenyewe bila mtu yeyote kuongezewa chochote. Wenzake walimshauri anyamaze, watu watasahau, lakini yeye aliandika masahihisho kwa jina lake mwenyewe, akayapeleka redioni kwa miguu, akasubiri kwenye benchi la mapokezi mpaka yakasomwa, na tangu siku hiyo hakutoa tena wastani wa mahali popote bila kwanza kuuliza nani alikuwepo mwaka jana na mwaka huu hayupo. Yule mama mfagizi alipata kazi tena mwaka uliofuata, shuleni, nao wakawa marafiki mpaka alipofariki mwaka 2004.

Tunakuja kwenye kazi iliyompa sifa. Mwaka 1983 alipewa kulinganisha kukua kwa mishahara kwa miaka kumi katika viwanda vyote, na mojawapo kilikuwa kile kiwanda cha nguo ambacho alilelewa nyuma ya ukuta wake, ambako mama yake alikuwa bado anasokota nyuzi, jambo ambalo aliliandika mwenyewe kwenye ukurasa wa kwanza ili asije akaambiwa amelificha. Akakuta kwamba kwa miaka hiyo kumi, ukiondoa kupanda kwa bei, mshahara wa wanaume wa idara ya kusokota ulikuwa umekua kwa asilimia nane, na wa wanawake ulikuwa umepungua kwa asilimia sita. Alidhani amekosea kama alivyokosea hospitalini, akarudia hesabu mara tatu, halafu akaomba ruhusa, akasimama kiwandani zamu nzima, pamba imemjaa kwenye nyusi, akiangalia mikono ya watu, na alichokiona ni kwamba mashine ni moja, uzi ni mmoja, idadi ya vibiringo vya kuzungushia uzi ni moja, isipokuwa kwenye orodha ya mishahara wanaume waliitwa waendesha mashine na wanawake, mia mbili na kumi na wawili, waliitwa wasaidizi wa mashine, na kila mwaka nyongeza ilifuata jina la kazi.

Mkuu wa idara, ambaye hakuwa mtu mbaya bali alikuwa mtu wa kupenda utulivu, aliisoma ripoti akamwita. "Safu hizi mbili za wanawake na wanaume, zichanganye ziwe moja," alimwambia. Marehemu akajibu, "Mzee, nikizichanganya wataonekana wote wamesimama palepale." Mkuu akasema, "Si ndiyo vizuri? Hapo hakuna mwenye kulalamika." Na marehemu, ambaye nyumbani alikuwa na watoto watatu wa kusomesha na mume mwenye kibanda kinachovuja, alisema, "Mzee, kuna watu mia mbili na kumi na wawili hapo ndani. Siwezi kuwafuta kwa kujumlisha." Mwezi huo wa Septemba alihamishiwa stoo ya kumbukumbu, chini ya ngazi, na ripoti ikafungiwa kabatini.

Alikaa stoo miaka mitatu na miezi minne. Hakulalamika, ingawa mumewe anasema wiki ya kwanza chumvi ilisahaulika siku nne mfululizo, lakini wiki ya pili aligundua kwamba stoo ndiyo yenye madodoso yote ya zamani, tangu mwaka 1952, yamefungwa kwa kamba, hakuna aliyewahi kuyafungua, akaanza kuyapanga kazi kwa kazi, wachomeleaji, makarani, wauguzi, walimu, madereva, wafagizi, wasokota nyuzi, na kila moja wanaume upande huu na wanawake upande ule, akipima kila mwaka kwa bei za mwaka huo. Mwezi Januari 1987 mkurugenzi mpya aliteremka stoo kutafuta faili, akamkuta na karatasi iliyofunika meza mbili, akasimama kuisoma mpaka akasahau faili alilofuata, na alipoinua macho akauliza, "Haya yanafanya nini huku chini?" Marehemu akamjibu, "Yanasubiri, kama mimi, bosi."

Ripoti ilitoka Oktoba 1987, safu zikiwa mbili, na baada ya vikao vingi ambamo marehemu aliitwa kuielezea mara tano, kiwanda kilifuta jina la msaidizi wa mashine kuanzia tarehe 1 Julai 1988, na wanawake wote wakahesabiwa nyongeza sawa na wanaume. Mama yake alikuwa amebakiwa na miezi saba tu kustaafu. Siku hiyo alirudi kutoka zamu, akaketi bila kuvua viatu, akasema, "Leo wameniita mwendesha mashine," kisha akacheka mpaka akafuta machozi, "na mashine ni ileile."

Marehemu alirudishwa ghorofani, akapanda hadi kuwa mkuu wa sehemu mwaka 1996, akafundisha makarani wengi, baadhi mko hapa, akiwakazania kwamba nyuma ya kila namba kuna mtu aliyesimama kwenye foleni ya duka, akastaafu tarehe 11 Agosti 2009. Mkuu wake wa zamani alihudhuria hafla ile akiwa mzee sana, akasimama kwa fimbo, akakiri mbele ya watu wote kwamba yeye ndiye aliyempeleka stoo, na marehemu akamwambia, "Mzee, sikupata tena ofisi yenye utulivu kama ile," na ukumbi ukaangua kicheko, naye mzee akacheka.

Alianza kuugua moyo mwezi Juni 2021, akatibiwa akiwa nyumbani, akalazwa mara mbili mwaka 2022, na mara ya mwisho tarehe 8 Mei 2023. Wodini aliendelea kuwauliza wauguzi mishahara yao, na binti yake alipomwambia, "Mama, pumzika sasa," alimjibu, "Nimeridhika, mwanangu, nilitaka tu kujua kama wanaendelea vizuri." Alifariki Ijumaa, tarehe 19 Mei 2023, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu, mumewe amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, hasa waliovumilia maswali yake, majirani waliotupikia na kulala nasi msibani, jirani wa mlango wa pili ambaye macho ya marehemu yalipochoka alimsomea gazeti kila asubuhi, kuanzia ukurasa wa bei, wafanyakazi wenzake wa idara, wa ghorofani na wa chini ya ngazi, na wale kina mama wastaafu wa kiwanda waliofika leo kumi na tisa, baadhi kwa mikongojo, ambao hatukuwaalika kwa majina kwa sababu hatukuwa na anwani zao, nao wamekuja.

Mama yetu, mke, dada, bibi na rafiki, tumekusoma kama ulivyotaka, kosa lako na haki yako, kila kimoja mahali pake. Nenda kwa amani, upumzike.