Kitinda Mimba Asirithi Bustani

Sogezeni viti, wanangu, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni. Wewe kitinda mimba, acha hilo beseni, kaa hapa kitandani. Na wewe mwanangu wa kwanza, fundi bomba, zima simu. Wateja wako wamevumilia mabomba yanayovuja wiki nzima, hawatashindwa nusu saa.

Jana mwalimu mkuu alikuja kunijulia hali, na kabla hajamaliza chai akasema shule inataka binti huyu ashike bustani mahali pangu. Nilikuwa nimefumba macho, mkadhani nimelala. Nilikusikia, fundi, ukijibu, "Ataweza tu, hana kazi nyingine." Hana kazi! Mtoto wa miaka kumi na sita aliyeacha shule kidato cha pili ili anipikie uji na kunigeuza kitandani, hana kazi. Sikukasirika. Maneno hayo umejifunza kwangu.

Ngojeni nivute pumzi.

Miaka ishirini na sita nimefundisha watoto wa watu kwenye kile kipande cha ardhi nyuma ya madarasa. Hesabu tulifanya kwa kupima matuta, sayansi tuliisoma kwenye mizizi ya maharage, na aliyekuwa mvivu wa kusoma alijikuta anasoma pakiti ya mbegu kwa sababu alitaka kujua karoti zake zitatoka lini. Nilitaka bustani isiyolala mwaka mzima, mvua na kiangazi, kwa hiyo nikabandika ukutani ratiba ya kumwagilia, kila darasa na wiki yake. Lakini kwenye likizo niliandika neno moja tu: Mwalimu. Wazazi walijitolea, nikakataa, nikasema watakanyaga miche. Uongo. Nilipenda kusikia wapita njia wakisema ile ni bustani ya mwalimu.

Mama yenu alikuwa akinitania, "Msalimie mke mwenzangu, mwambie leo asikucheleweshe." Nilicheka, nikachukua ndoo, nikaenda. Likizo baada ya likizo nilikuwa peke yangu kule, madarasa yamefungwa, viti vimepandishwa juu ya meza, hakuna wa kumwambia kwamba vitunguu vimeshika, na hapa nyumbani mlikuwa mnakua bila mimi.

Siku mama yenu alipozidiwa, kitinda mimba alinifuata mbio mpaka bustanini, hana viatu. Nikamwambia, "Ngoja nimalizie tuta hili moja." Mwanangu, hukumwambia mtu. Kaka yako ameninunia miaka yote hii kwa kuwa sikuwa nyumbani, huku akidhani nilichelewa kupata habari. Sikuchelewa kupata. Nilimaliza tuta. Nilipofika, alikuwa ameshafunikwa shuka. Nisameheni kama mtaweza, msiharakishe.

Kisha nikaanza kuugua, binti akaacha shule, nami mwalimu mzima nikanyamaza, kwa sababu uji ulikuwa unafika kwa wakati.

Sasa shikeni hili. Nyumba ni yenu wote wawili, na isiuzwe kabla binti hajamaliza masomo. Baiskeli achukue fundi, vitabu achukue mdogo wake. Bustani si mali yangu, siwezi kumrithisha mtu, na kwa binti huyu haiendi. Mwambieni mwalimu mkuu awaite wazazi wagawane likizo, kila nyumba siku yake, kama nilivyopaswa kufanya tangu mwanzo. Wakikataa, ikauke. Ndiyo, nimesema ikauke. Mchicha utapandwa tena.

Shule inafunguliwa Jumatatu. Fundi, mpeleke mwenyewe, umwandikishe kidato kile kile cha pili, hata kama atakuwa mrefu kuliko wenzake wote. Mimi nitageuzwa na yeyote. Na kama Jumatatu itakuta nimeshaondoka, watu wamejaa uani, mpitisheni katikati yao aende. Atakayeshangaa mwambieni baba yake ndiye aliyesema.

Usilie, mama. Lete mkono. Wako pia, fundi... uko wapi? Ah, huu hapa, mgumu hivi. Mungu awape afya, awape riziki ya halali... awafanye mpendane nikiwa sipo. Mimi nimewabariki. Nimewabariki wote.

Nimechoka sasa... Binti yangu, kajaribu ile sketi ya shule. Itakuwa imekubana... umekua. Mpelekee fundi wa cherehani aipanue kidogo, hajafunga duka bado... Nenda. Mimi nipo.