Kudo Shunpei na Kaseti ya Arusi ya Goshogawara

Ndugu, majirani na wanafunzi wake mliofika leo, tarehe 26 Novemba 2021, kuyasindikiza majivu yake hapa Hirosaki, huyu ndiye Kudo Shunpei kama sisi wa nyumbani tulivyomjua.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Februari 1946 huko Kuroishi, mtoto wa pili wa mkulima wa matofaa, Kudo Yosaku, na mkewe Hatsu. Shamba halikumkubali. Akitumwa kuchuma, alirudi na nusu kikapu na hadithi nzima.

Alisoma Kuroishi, kisha chuo kikuu Sendai, akahitimu fasihi mwaka 1968. Alifundisha sekondari ya wasichana hapa mjini mpaka alipostaafu mwaka 2006. Wanafunzi walimpa jina la Bwana Yote-Hupita, naye alilijua na kulifurahia.

Alichapisha vitabu viwili vya hadithi fupi, zote za wanamuziki: mpiga tarumbeta aliyeng'oka meno, fundi wa piano aliyeanza uziwi, na wengine kama hao. Kila hadithi iliishia pale sauti inapozimika, na katika kila moja alidai kwamba muziki ni mzuri kwa sababu unakufa. Wasomaji walilia kwa raha. Yeye mwenyewe aliyaamini maneno hayo, na balaa lilianzia hapo.

Mwaka 1973 alimwoa Narita Mitsue, aliyekuwa akipiga shamisen, kinanda chetu cha nyuzi tatu, katika baa moja karibu na stesheni. Siku waliyofahamiana alimsomea hotuba ndefu juu ya sauti na kupita kwake. Mitsue akamjibu, "Mwalimu, maneno yako matamu, ila sake yako inapoa. Kunywa kwanza, tutakufa baadaye." Akanywa.

Mitsue hakupiga wimbo mara mbili kwa namna moja. Alibuni papo hapo. Mwaka 1981 watu wa redio walikuja kutoka Aomori kumrekodi. Marehemu aliwazuia mlangoni. "Sauti ukiifunga kwenye kaseti umeiua," aliwaambia.

Mitsue akasema nyuma yake, "Baba Kazuyo, vitabu vyako si umevichapisha? Mbona hivyo havipiti?"

"Yale ni maandishi."

"Aa. Kumbe wa kupita ni mimi."

Akacheka, akarudi jikoni kuwakaangia wale wageni samaki, maana walikuwa wametoka mbali. Alitaka kurekodiwa. Hakutaka ugomvi.

Mitsue alifariki kwa kiharusi tarehe 17 Novemba 2009, akimenya figili. Baada ya matanga marehemu aligundua kwamba hakumbuki. Aliikumbuka mikono ya Mitsue na jinsi alivyokunja uso, lakini muziki wenyewe haukuja. Aliwaendea wateja wa zamani wa ile baa. Wazee wawili walimwimbia, kila mmoja lake, wakagombana hadi wakaacha kusalimiana. Shemeji yake akamwuliza, "Sasa si ndio uzuri wake huo, kama ulivyoandika?"

"Niliandika uongo," alisema. "Mitsue alikuwa chumba cha pili anapiga. Ndiyo maana niliweza kuandika vile."

Hakuandika tena. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na hakutaka aambiwe.

Machi mwaka huu aligunduliwa kuwa na saratani ya mapafu. Binamu yake wa Goshogawara alimletea kaseti ya arusi ya mwaka 1988, ambako Mitsue alipiga. Binti yake Kazuyo akaiweka kando ya kitanda. Sauti ya kwanza kutoka ilikuwa ya marehemu mwenyewe, akiwahutubia maharusi kwamba hakuna kidumucho, huku Mitsue akipiga nyuma yake. Hotuba ilienda mpaka utepe ukaisha. Kinanda kilisikika pale tu msemaji alipovuta pumzi.

"Nyamaza, mpumbavu wewe," aliiambia kaseti.

Fundi wa Sendai alijaribu kuzitenga sauti hizo mbili, akashindwa. Marehemu akaendelea kuirudisha nyuma na kusikiliza. Kazuyo alipomwuliza kama aiweke jenezani ichomwe naye, kama tufanyavyo kwa kitu ambacho mtu alikipenda, alikasirika.

"Usithubutu. Mama yako yumo humo."

"Hasikiki, baba."

"Najua hasikiki."

Alifariki tarehe 9 Oktoba, saa tatu asubuhi, Kazuyo akiwa amemshika mkono.

Ameacha binti yake Kazuyo na mkwewe Ryohei, mjukuu wake Haruna, na dada yake Toshiko wa Kuroishi. Aliomba mtu yeyote asisimame hapa kusema kwamba kupita kwa vitu kuna uzuri wake. Hatusemi. Apumzike kwa amani, kwani tangu Novemba ile hakuionja.