Ziwa Lililobanwa Kwenye Picha

Kijiwe cha Sori kilikuwa benchi moja mbele ya duka la Dahir, aliyeuza kahawa ya birika na kamba za wavuvi. Asubuhi hiyo Nyasuguta, mjane mwenye mashua moja, waliyemwita Mama Ombati, alifika hapo na picha mkononi na hasira kichwani. Ufuoni vijana wake walingoja awaambie pa kushusha wavu mpya. Wa kwanza ulichanika miambani, na wa tatu hakujua angeutoa wapi. Picha hiyo aliachiwa na mtafiti aliyezunguka ziwani akipima kina. Vipimo vilikuwa vingi mno, basi kompyuta ikavigeuza rangi: maji mafupi meupe, maji marefu meusi, katikati kijivu. Ghuba nzima ikaenea kwenye disketi moja, kisha ikachapwa kwenye karatasi hiyo.

— Nataka neno moja tu, alisema Nyasuguta. Hapa penye kijivu pana miamba au hapana?

Nicanor, waliyemwita Profesa kwa sababu ya miwani, aliinua picha juani.

— Mama Ombati, hili ni wingu. Siku ya kupiga picha mvua ilikuwa karibu.

— Hakupiga picha, Profesa. Alipima.

— Wingu gani! alisema Okari, jina la kijiweni Redio, akimpokonya picha. Haya ni magugu ya majini. Wahenga walisema, vyaelea, vimeundwa. Kuna kiwanda kinayaunda ng'ambo ile.

— Omera, ndugu yangu, kiwanda cha magugu? aliuliza Profesa.

— Na zamu ya usiku wako nayo!

Nyasuguta alifumba macho. Nyumbani alikuwa ameacha watoto wakigombania ukoko wa ugali, na hata wao wangekuwa wameshapatana.

— Nyeupe ni fupi, nyeusi ni ndefu, alirudia polepole. Kijivu je?

— Kijivu ni pale ziwa lenyewe halijaamua, alisema Profesa. Ndiyo maana mwenda pole hajikwai.

— Acha hizo! Redio alidakia. Hapo chini kuna lori la mkoloni. Mpaka leo taa zinawaka, ndiyo maana pamefifia hivyo.

Pembeni alikuwepo Maroa, mnunuzi wa samaki aliyefika Sori kwa mara ya kwanza. Alichungulia picha.

— Samahani, mama. Kitone kimoja cha rangi hapa ni sehemu kubwa kiasi gani ya ziwa?

— Mtafiti alisema kama uwanja wa mpira.

— Uwanja mzima, rangi moja? Sasa jiwe kubwa kama hili benchi lingeonekana?

Profesa alivua miwani akaipangusa kwa shati. Redio aligeukia barabara, kama aliyeitwa na mtu.

— Si mjibuni! alisema Nyasuguta.

Alimpokonya Redio picha. Akaikunja.

— Dahir, nikatie kamba ndefu. Tutafunga jiwe tupime wenyewe. Wavu ubaki nchi kavu. Na nyinyi wawili, twendeni mashuani. Mtashusha jiwe.

— Sisi? Mama, kahawa yetu bado!

Dahir aliinamisha birika juu ya vikombe vyao. Halikutoka hata tone.