Mawe Yaliyopangwa Bila Kibali

“YAH: KUONDOLEWA KWA MAWE YALIYOPANGWA BILA KIBALI NYUMA YA KIBANDA CHA KAHAWA.” Ndivyo ilivyoanza barua aliyoletewa Mama Buli, mwenye kahawa yetu, ikiwa na mihuri miwili, mmoja umepigwa kichwa chini. Benchi letu liko chini ya ukingo wa kilima. Mvua ya wiki iliyopita ilimega ukingo huo, yakachungulia mawe marefu mengi, karibu yote yameelekea bondeni kama watu wanaotoka mkutanoni. Ofisi ya mtaa ikaona, ikashtuka, ikaandika: Mama Buli ayaondoe mawe “aliyoyamwaga na kuyapanga” kufikia Ijumaa, la sivyo kibanda kitavunjwa. Kibanda hicho ana miaka kumi na mitatu nacho, na ndicho kazi yake pekee.

— Hebu nisomee tena hapo kwenye kupanga, alisema Mama Buli, buli mkononi.

Mstaafu, ambaye enzi zake ofisini aliandika barua za aina hiyo mpaka vidole vikaota sugu, akavaa miwani.

— “Imebainika kwamba mawe yamepangwa.” Hapo wamekubana, dada yangu. Kikipangwa kitu, lazima awepo mpangaji.

— Mpangaji ni mimi, na nimepanga kibanda! Mawe nimeyakuta!

— Mimi nasema ni sumaku, alidakia Fundi Saa, anayetengeneza saa za watu na kuchelewa kila mahali. Mawe yana chuma ndani. Yamegeuka kama mshale wa dira.

— Dira huonyesha kaskazini, Fundi, alijibu Mstaafu. Haya yanaonyesha choo cha soko.

— Basi choo kina chuma kingi.

— Acha utani, alisema Mstaafu. Hii ilikuwa barabara ya watu wa kale. Mkandarasi aliiacha njiani, faili likapotea.

— Au makaburi ya majitu. Tazama, wamelala miguu bondeni.

— Fundi! Ukinitia makaburi hapa, nani atakunywa kahawa yangu?

Pembeni alikuwa ameketi mwanamke mgeni, buti zimejaa tope, dira shingoni. Alikuwa mpimaji wa udongo, amekuja kwa ajili ya barabara mpya. Akaweka kikombe chini.

— Samahani wazee wangu. Mawe yakimwagwa na lori, hulalaje?

Fundi Saa alimtazama Mstaafu, Mstaafu akaifuta miwani iliyokuwa safi. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na lundo la mawe ya ukarabati wa ofisi ileile. Tumelipita mwaka mzima. Tukavuka, vikombe mikononi.

— Yamelala ovyo, alikiri Mstaafu. Kila moja na upande wake.

Tuliporudi, mgeni akapima kwa dira mwelekeo wa mawe thelathini ya ukingoni, moja moja. Ishirini na sita yalifuata mteremko.

— Zamani sana hapa palikuwa na baridi kali, alisema. Udongo uliganda. Tabaka la juu likayeyuka, la chini bado barafu, maji yakakosa pa kupita. Udongo ukawa kama uji, ukatambaa polepole mteremkoni. Jiwe refu likiburutwa hivyo, mwishowe hugeuka likalala kwa urefu wake kufuata njia. Na ncha hizi kali za mawe, ni barafu iliyoyapasua.

— Kwa hiyo nani kayapanga? aliuliza Mama Buli.

— Hakuna, mama. Yamejipanga.

Mstaafu akapiga goti kwa kiganja.

— Toa “w”, tia “ji”! Yamepangwa, anatafutwa mtu. Yamejipanga, wamshtaki nani?

— Na bado yanatembea? Fundi Saa alisogea mbali na ukingo.

— Baridi ilishaondoka. Ila msiyachomoe, ukingo utawaangukia.

Mstaafu akaandika jibu palepale, akaambatisha vipimo vya mgeni, mama akatia dole gumba na saini, vyote viwili, kwa usalama. Alhamisi ofisi ikamtuma mtu na dira. Alipima mawe kumi, akapima na ya lundo lao, akaondoka bila kuaga.

Ijumaa hakuja mtu kuvunja. Jumatatu ililetwa barua fupi ya kufuta amri. Ni udongo wa kale ulioganda, ukayeyuka, ukatambaa na mawe. Mama Buli hakugusa hata moja.