Wengine Wote, Popote Walipo

Baba Paroko, wazee wa Nyanguge, wafanyakazi wa Redio Jiwe, majirani mliotoka Mkolani, na ninyi mnaotusikiliza majumbani, maana ibada hii inarushwa moja kwa moja, familia ya Mzee Machibya inawashukuru kwa kuja kulia pamoja nasi, na imenikabidhi mimi, Nestory, shemeji wa marehemu, niwasomee maisha ya Bernadeta Kulwa Machibya, ambaye wengi wenu hamkuwahi kuuona uso wake, ila sauti yake mmeishi nayo nyumbani kama mtu wa ukoo.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1962 hapa hapa Nyanguge, Wilaya ya Magu, akiwa wa kwanza kati ya mapacha wa Mzee Machibya na Mama Sabina Kija, ndiyo maana akaitwa Kulwa, na mdogo wake wa kiume, aliyemfuata kabla maji ya kumwogeshea hayajapoa, akaitwa Doto, na baada yao tumbo la mama halikuleta mwingine. Mama Sabina, huyu aliyekaa hapa mbele kwenye mkeka, anasema hakuwahi kuita jina moja peke yake, hata alipomtaka mmoja tu akachote maji aliita "Kulwa na Doto!", wakaja wote wawili kwa ndoo moja, wakarudi wamelowa, wakigombana ni nani aliyemwaga.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1970 hadi 1976, akachaguliwa kuendelea na sekondari mjini Mwanza, akamaliza kidato cha nne mwaka 1980, wakati Doto, ambaye hakuchaguliwa, alibaki na ng'ombe wa baba na baadaye akaenda ziwani kuvua dagaa. Kila likizo Kulwa aliposhuka kwenye basi alimkuta pacha wake barabarani na baiskeli, sanduku likafungwa nyuma, yeye akapakiwa mbele, na njia nzima ilikuwa ni kicheko.

Mwaka 1982 aliajiriwa kama karani wa chama cha ushirika wa pamba, na tarehe 26 Julai 1986 alifunga ndoa takatifu na kaka yetu Nathaniel, fundi wa majokofu, wakakaa Mkolani, mjini Mwanza, wakajaliwa watoto watatu, Justa, Mihayo na Winnie, na wajukuu watano, na sisi shemeji zake tunakiri kwamba tulifika kwake bila taarifa na tukaondoka tumeshiba, pamoja na kwamba wali wake ulikuwa unaungua kila mara na hakukubali hata siku moja kwamba umeungua.

Kazi za ushirika zilipopungua, mwaka 1996 alianza kazi Redio Jiwe, akikaa mapokezi na kupokea matangazo ya vifo, lakini roho yake ilitaka kuyasoma, na wakubwa wakamkatalia kwa sababu alisema "malehemu", kama tunavyosema wengi wetu huku. Alirudi nyumbani amenuna, akawa anasonga ugali huku akirudia "marehemu, marehemu, marehemu", sisi tukacheka hadi tukashika mbavu, tukamwambia shemeji, utatumaliza. Aliendelea hadi ulimi ukanyooka, akapewa kipaza sauti, na kwa miaka ishirini na sita watu wa mwambao huu hawakuamini kwamba mtu amekufa mpaka wamsikie yeye. Leo neno lile alilolihangaikia jikoni ndilo tunalomwita yeye, na tunalitamka kwa shida.

Mzee Machibya alifariki Jumatatu, tarehe 8 Novemba 1999, na Kulwa alisema baba yake hatasomewa na mtu mwingine, akasoma mwenyewe tangazo jioni ile. Majina ya ndugu wa kuarifiwa yalikuwa mengi, taarifa ya habari ilikuwa imekaribia, fundi mitambo akampa ishara afupishe, naye akaona haya kuwaacha wajomba wa Misungwi na wakwe wa Shinyanga, watu wanaonuna wasipotajwa, akamwacha wa ndani kabisa, yule ambaye kwake kumtaja ilikuwa sawa na kujitaja, akamalizia kwa "na wengine wote, popote walipo."

Doto alikuwa kwenye kambi ya wavuvi huko Ukerewe, redio ikiwa wazi, na kama alivyomsimulia mama baadaye, alisikia pacha wake anatangaza kifo cha baba yao, akatulia akingoja jina lake, halikuja. Alihangaika na usafiri wa ziwani, akafika Alhamisi, sisi tulikuwa tumezika Jumatano bila kumsubiri, akasimama kwenye kaburi lile pale, akamwuliza dada yake mbele ya watu, "Kwa hiyo mimi ndiye wengine wote?" Doto alimshika mama mkono, akaondoka na baiskeli yake, na tangu siku hiyo hatujamwona, tunasikia tu, mara yuko Geita, mara Chunya, mara amevuka kwenda Msumbiji.

Kuanzia hapo Kulwa hakufupisha tangazo la mtu yeyote, ukileta majina arobaini aliyasoma yote arobaini, fundi mitambo akipunga mikono hadi akachoka, na alipoitwa ofisini na kuonywa aliuliza, "Hao wengine hawana majina?" Watu wakampenda kwa hilo, wakamwita Mama Majina, bila kujua alikuwa anamwomba radhi mtu mmoja. Na kila tarehe 14 Machi, siku yao ya kuzaliwa, alimtumia Doto salamu hewani, akimwambia nyumbani ni salama na anasubiriwa.

Mwezi Agosti 2022 figo zake zilishindwa kufanya kazi, akaacha utangazaji, akaanza kusafishwa damu mara mbili kwa wiki katika hospitali ya rufaa, na Januari 2023 madaktari wakashauri apandikizwe figo ya ndugu wa damu. Watoto wake wote watatu walipimwa, na kwa sababu tofauti hawakufaa, ndipo daktari akauliza kama ana ndugu wa tumbo moja. Tuliandaa tangazo la kumtafuta Doto, na Dorcas, binti aliyefundishwa kazi na marehemu, akawa tayari kulisoma, lakini Kulwa akakataa katakata, akasema, "Miaka yote nimemwita aje nyumbani, hakuja. Nikimwita leo atajua nataka figo. Niacheni, nife nikiwa namtaka yeye." Tulimbembeleza, tukamgombeza, Nathaniel akalia mbele yake kama mtoto, haikusaidia, na tangu mwaka huo hata zile salamu za Machi aliziacha, isije ikaonekana zina jambo nyuma yake. Tulimkasirikia sana, na hatutawaficha, hadi leo hasira hiyo haijatuisha, maana tulimpenda na tulitaka aishi.

Alifariki Jumatano, tarehe 11 Juni 2025, saa nne asubuhi, mikononi mwa Winnie, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu. Dorcas alisoma tangazo jioni ile, na katika wanaoarifiwa jina la Doto lilikuwa la kwanza kabisa. Maziko yalipangwa Ijumaa, lakini Mama Sabina akasema, "Safari hii tumsubiri," tukasubiri, leo ni Jumatatu, na kila pikipiki inapokata kona pale kanisani mama ananyanyua shingo. Baba Paroko ametuambia kwa upole kwamba sasa inatosha.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha kusafisha damu, uongozi wa Redio Jiwe, jumuiya ya Mkolani, kwaya, Bwana Nadim aliyetoa lori la kutuleta hapa, na mama yake, Bi. Zohra, aliyekaa na wafiwa siku zote hizi. Hapa kwa desturi tungesema "na wengine wote", lakini shemeji yetu angeamka atugombeze, kwa hiyo ambaye hatujamtaja aje baada ya maziko atupe jina lake, tutalisoma.

Limebaki jina moja. Doto, mwana wa Machibya na Sabina, kama hapo ulipo redio iko wazi, pacha wako ametangulia kama alivyotangulia kuzaliwa. Figo haihitajiki tena, hakuna tunachokuomba, mama amekuachia nafasi kwenye mkeka, njoo tu.

Pumzika, Kulwa, uwe na amani, jina lake tumelisoma.